Gitaa Jeusi la Mwalimu Anastazi

Jumapili, 12 Mei 2024

Daftari hili ni la kazi. Humu naandika redio ya nani imeletwa na inaumwa nini, basi. Lakini kazi iliyoingia leo haitoshi mstari mmoja, na mimi nikifurahi lazima niseme, hata kama msikilizaji ni karatasi.

Baada ya misa Tata Anastazi, mwalimu wetu wa kwaya, alikuja nyumbani na gunia begani. Nikadhani ametuletea kahawa za mwanzo. Akalilaza mezani taratibu, akalifungua mdomo, akatoa gitaa la umeme. Jeusi tii, zito, la zamani. Nikapiga kelele hadi Mama akatoka jikoni na kisu cha ndizi mkononi.

"Jovitha mwanangu, fundi ni wewe," Tata akasema. "Nataka uniambie ni la mwaka gani, na kama ni la kweli au la kuigiza."

Kuna mfanyabiashara wa Bukoba anaitwa Dastan, hununua ala za kale. Ameliona kwa picha ya simu akasema magitaa ya sampuli hii yameigizwa mengi mno, halichukui bila barua ya fundi yenye sahihi. Tata anasema alilinunua mtumba huko Mbarara, upande wa Uganda, mwaka 1996, kwa kanisa lililokuwa likiuza vyombo vyake. Tangu hapo limekaa chini ya kitanda. Nikamuuliza imekuwaje hajawahi kunionyesha, mimi aliyenifundisha kushika bisibisi.

"Mtu akizeeka anasafisha nyumba," akajibu.

Mama akaleta kisahani cha kahawa ya kutafuna, kama mgeni yeyote anavyopokewa. Tata akakisukuma kwa kidole. Vidonda vya tumbo. Ni wimbo wake wa miaka yote. Mnyambo asiyetafuna kahawa! Nikamwambia wazazi wake walimwokota Dodoma. Akacheka. Mama hakucheka, alirudi kwenye ndizi zake.

Jumatatu, 13 Mei

Umeme umekatika kutwa nzima. Nimelitazama tu.

Jumatano, 15 Mei

Leo nimelikagua kwa macho na pua kabla ya kugusa skrubu. Gitaa la kuigiza hujitambulisha mapema: jepesi, kingo zake kali, na uchakavu upo mahali ambapo mkono wa mpigaji haufiki. Wapo wanaolizeesha kwa kulipaka maji ya kahawa na masizi, kisha wanalikwaruza kwa msasa. Hili limechakaa pale mkono wa kulia unapoegemea na pale kidole gumba kinapopita nyuma ya shingo. Huo ni uchakavu wa kazi. Vichwa vya skrubu vimeota kutu ya zamani, yote sawasawa.

Kasoro ni rangi. Nyeusi hii haikutoka kiwandani. Imepakwa kwa brashi, tena na mtu mwenye haraka, michirizi inaonekana ukiinamisha gitaa juani. Jina la kiwanda kichwani limekwanguliwa. Ni nani mwenye akili timamu anakwangua jina la kiwanda?

Jumapili, 19 Mei

Tata ameongoza kwaya leo ingawa kifua kinambana. Mwezi ujao anatimiza miaka arobaini ya kuongoza kwaya ya kigango chetu hapa Kaisho, na tarehe 30 Juni kutakuwa na sherehe yake kanisani.

Watu wakinisikia namwita Tata wanadhani ndiye aliyenizaa. Baba yangu ni marehemu Cassian. Alikuwa mpiga gitaa la solo wa Mwanga Jazz, bendi ya hapahapa, na Anastazi akimwitikia kwa gitaa la pili. Walikuwa wamekula omukago: inapasuliwa buni moja yenye punje mbili, kila mmoja anachanja tumbo lake na kuipaka punje yake damu, mnabadilishana, mnameza. Baada ya hapo huyo ni omunywani wako. Anaingia kwako bila hodi, mtoto wako ni mtoto wake. Na ukimsaliti, wazee wanasema, punje ile inavimba tumboni mwako.

Gitaa la Mwanga Jazz lilikuwa jekundu. Lilinunuliwa Kampala kwa kahawa ya watu, kila kaya ilitoa debe. Baba ndiye alikuwa mtunza vyombo. Oktoba 1987, siku mbili kabla ya bendi kwenda Dar kurekodi, gitaa likatoweka chumbani kwake. Mlango haukuvunjwa. Kikao kilikaa, ikasemwa ameuza. Nilikuwa na miaka miwili. Nilikua nikiitwa Binti Gitaa, shuleni, kisimani, hata kwenye foleni ya komunyo. Baba hakushika tena ala yoyote. Alikufa mwaka 1999 na jina hilo hilo la mwizi. Aliyebaki nasi siku zote ni Anastazi.

Ijumaa, 24 Mei

Tumeanza kuchuma kahawa katika kibanja cha chini, mimi, Mama na Tata. Kilikuwa chetu. Baba alikitoa kufidia gitaa, bendi ikakiuza, na Tata akakinunua "kisiende kwa mgeni." Kila msimu anampa Mama magunia mawili kutoka humo. Nimechuma nikimwangalia akiinamisha matawi ya juu, nikasema moyoni, watu kama hawa hawazaliwi tena.

Jumapili, 2 Juni

Jua kali. Kahawa inakauka vizuri kwenye turubai. Redio tatu, pasi moja.

Alhamisi, 6 Juni

Nimefungua shingo! Skrubu nne, kila moja imelia kama mlango wa zamani. Kwenye kitako cha shingo, mahali pasipoonekana, kuna maandishi ya penseli ya mfanyakazi wa kiwanda: mwezi wa tatu, 1973. Nikasema subiri Jovitha, shingo inaweza kutoka gitaa jingine. Nikainua bamba la plastiki mbele. Vifundo vya sauti, vile vya kuzungusha kupandisha na kushusha, vina tarakimu zilizogongwa mgongoni: tatu za kwanza ni za aliyevitengeneza, mbili zinazofuata ni mwaka, mbili za mwisho ni wiki. Sabini na tatu, wiki ya nne. Kifundo huja kiwandani kabla ya gitaa kuzaliwa, kwa hiyo hesabu inakubali. Na risasi iliyoshika nyaya pale haijawahi kuguswa na chuma cha moto mara ya pili. Shingo na kiwiliwili ni mtu na mwenzake.

Kwenye shimo la shingo nilikuta kikaratasi kilichokunjwa mara nne, kimegandishwa na rangi nyeusi ukingoni. Ni jambo la kawaida, watu huweka karatasi hapo ili shingo ikae kwa pembe nzuri. Nimekibandua nikakiweka kwenye kopo la skrubu.

Nikakimbia hadi kwa Tata, kandambili mkononi. "Tata! Ni la kweli! Elfu moja mia tisa sabini na tatu!" Nilitegemea anishike mikono tucheze pale uani. Akakaa kwenye kinu.

"Umelifungua?"

"Sasa Tata, ningejuaje bila kulifungua?"

"Inatosha. Lifunge. Andika barua."

Labda ni kifua chake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeshika kalamu niandike barua. Nilipolichomeka kwenye spika kulijaribu, hata shingo haijarudi, likavuma kama nyuki. Siwezi kutia sahihi gitaa linalovuma.

Jumanne, 11 Juni

Mvua. Mwezi wa Juni, mvua! Tumekimbizana na turubai, nusu ya kahawa imelowa, Mama anasonya tangu saa nne.

Kwa vile kazi ya nje imekwama nikakaa na ule mvumo. Ugonjwa ulikuwa kwenye tundu la kuchomekea waya, ubavuni mwa gitaa. Nikachomoa kibati chake. Waya uliotoka ndani ulikuwa umeungwa na mtu, na kiungo hakikufungwa utepe wa umeme. Kimefungwa ukamba wa mgomba, mwembamba, umezungushwa kwa karibu karibu, ukafungwa fundo la kifurushi cha kahawa ya kutafuna, ukazibwa kwa nta ya mshumaa.

Nikaweka bisibisi chini.

Maana kiungo hicho nakijua. Redio ya marehemu baba iko kabatini kwa Mama. Ndiyo redio ya kwanza niliyoifungua maishani, nikiwa na miaka kumi na tano, Tata Anastazi amenisimamia. Ndani yake mna viungo vitatu vya namna hii, kazi ya baba, kwa sababu zamani utepe wa umeme haukupatikana huku. Nimeishusha, nimeifungua, nimeviweka sambamba. Ukamba wa mgomba anaweza kutumia yeyote. Nta, yeyote. Lakini vyote vinne vimezungushwa kuelekea kushoto. Baba alikuwa wa mkono wa kushoto.

Nikachukua wembe, nikakwangua rangi chini ya kibati, mahali padogo kama ukucha. Chini ya nyeusi kuna nyekundu.

Baba yangu. Miaka kumi na miwili alitembea ameinamisha kichwa kwa ajili ya kitu hiki kilicholala mezani pangu.

Mama aliuliza kutoka jikoni kama ninalia. Nikasema ni moshi wa risasi.

Jumatano, 12 Juni

Nilikuwa mjinga jana. Tulia, Jovitha. Mwizi wa 1987 angeliuza wapi? Uganda, bila shaka, mpaka si uko hapa. Limepakwa rangi huko, limezunguka, Tata amelikuta Mbarara mwaka 1996 bila kulitambua, kwa kuwa ni jeusi. Masikini, amelala juu ya gitaa la rafiki yake miaka ishirini na nane bila kujua! Nitamwambiaje? Atafurahi au moyo utasimama?

Ijumaa, 14 Juni

Nimemuuliza kwa ujanja, wakati tunapeta. "Tata, ulipolinunua lilikuwa hivihivi jeusi?"

"Hivihivi."

"Na shingo, ulishawahi kuifungua?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa nyimbo, sijui mambo ya skrubu."

Nimelala vizuri.

Jumanne, 18 Juni

Natamani kopo la skrubu lingepotea.

Nilikuwa narudisha shingo. Nikatafuta kile kikaratasi, maana bila hicho nyuzi zinagusa. Nikasema kimechoka, nikikunjue nione ukubwa wake nikate kipya. Nikakikunjua.

Ni kipande cha karatasi ya kwaya. Noti za d, r, m, f, s, zimeandikwa kwa wino wa bluu, sauti ya pili, na juu kabisa: NOELI 1987. Ile s yenye mkia uliopinda kama ndoano. Nimeimba kwa kusoma s hiyo tangu nikiwa darasa la tatu. Kaisho nzima hakuna mwingine anayeiandika hivyo. Na rangi nyeusi imekauka juu ya ukingo wa karatasi, maana yake mkono ulioweka karatasi ndio uliopaka rangi, au ulikuwepo.

Noeli 1987. Miezi miwili baada ya gitaa kutoweka. Miaka tisa kabla ya hiyo Mbarara yake, alikolinunua eti likiwa tayari jeusi.

Mtu wa nyimbo, hajui mambo ya skrubu! Aliyenifundisha mimi skrubu!

Nimekumbuka kila kitu na kila kitu kimegeuka upande. Mlango haukuvunjwa kwa sababu omunywani haingii kwa kuvunja. Kibanja kisiende kwa mgeni. Magunia mawili kila msimu, na sisi tunasema asante, Mama anapiga magoti anasema asante! Ada yangu ya chuo cha ufundi. Mkono wake begani pangu siku ya mazishi. Nilimpenda mtu huyu kuliko nilivyompenda baba yangu, kwa sababu baba yangu nilimwonea aibu. Hiyo ndiyo siwezi kuimeza. Ameniibia gitaa, sawa, lakini ameniibia na baba, akakaa mahali pake.

Na kahawa. Anaogopa ile punje isije ikavimba tumboni, kisha anasema vidonda! Daktari gani amewahi kumtibu vidonda hivyo?

Jumatano, 19 Juni

Sikufungua kibanda changu cha ufundi.

Jumamosi, 22 Juni

Nilikwenda kwake mchana, nikamkuta anageuza kahawa ya maganda uani kwa mguu. Sikumwamkia. Tangu nizaliwe sijawahi kumpita mtu mzima bila shikamoo, na ulimi uliwasha, lakini sikumwamkia. Akasimama akingoja. Nikakaa kwenye mkeka wake, nikatoa mfukoni kifurushi cha kahawa ya kutafuna, nimekifunga kwa ukamba kuelekea kushoto.

"Karibu kahawa, Mwalimu."

Akakitazama kile kifurushi. Mwalimu, nimemwita, si Tata, na alisikia.

"Unajua tumbo langu..."

"Punje moja. Ya Cassian."

Akaikamata. Nasema kweli, aliifikisha hadi mdomoni, mkono ukakataa. Akairudisha mkekani, akakaa chini. Nikamwekea karatasi ya Noeli magotini. Hakubisha.

"Ilikuwa wiki moja tu," akasema. "Walimchagua yeye kiongozi wa safari ya Dar. Solo yeye, kiongozi yeye, nyimbo nimetunga mimi. Nikasema nilifiche wiki moja, aonekane mzembe, safari iahirishwe, kisha nilirudishe. Wakaitisha kikao siku ileile. Wakaita polisi. Kila siku niliyochelewa, kesho yake ikawa ngumu zaidi. Noeli nikalipaka rangi."

"Miaka thelathini na saba, Mwalimu."

"Niliwalea."

"Ulitulea! Ungemwacha atulee mwenyewe!"

Nilipiga kelele hadi majirani wakachungulia kwenye migomba. Yeye analia, mimi nalia, kahawa imekanyagwa. Nikamwambia barua yake ya fundi ataipata. Lakini ataisoma yeye mwenyewe, tarehe 30, mbele ya watu waliotoa kahawa zao. Akisita, nitaisoma mimi. Akaitikia kwa kichwa.

"Niage kama zamani kidogo," akasema nilipoondoka. "Niite Tata."

Sikugeuka.

Jumapili, 23 Juni

Sikuwa na nia ya kuandika tena upesi. Ila leo nilimweleza Mama, polepole, nimemshika mkono, nikiogopa presha yake. Gitaa, ukamba, karatasi, kahawa. Akasikiliza hadi mwisho akimenya ndizi.

"Hilo la kahawa nililiona mwaka ule ule," akasema.

"Uliona nini?"

"Siku ya kikao sahani ilipita. Anastazi akaipitisha kwa mwenzake bila kuchukua. Hajatafuna tena. Nikajua."

Nikamwachia mkono. "Mama. Ulijua? Baba alikuwa hai!"

"Nilimwambia. Akanipiga kofi, mara yake ya kwanza na ya mwisho. Alisema omunywani wake hasemwi nyumbani mwake. Alipokufa ulikuwa na miaka kumi na minne, nilikuwa na watoto wanne na kibanja kimoja. Ningesema kwa ushahidi gani? Kwamba mtu hatafuni kahawa? Yeye ndiye alikuwa analeta chumvi, Jovitha."

"Na ukaniacha nimwite Tata."

"Alikuwa anakufundisha kazi."

Ndizi ikaisha kumenywa, akachukua nyingine. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Nimekula kibandani, mkate na chai.

Jumatano, 26 Juni

Dastan amepiga simu. Nikamweleza ukweli. Akasema, "Dada, mali ya watu mimi siigusi," akakata. Angalau mmoja mwaminifu.

Ijumaa, 28 Juni

Barua iko tayari. Nainakili hapa, isije ikapotea nayo.

"Nimelikagua gitaa hili ndani na nje. Ni halisi. Shingo yake ni ya Machi 1973 na nyaya za vifundo ni za kiwandani. Ni gitaa la Mwanga Jazz lililonunuliwa kwa kahawa ya watu wa hapa. Kiungo cha waya kilifungwa na Cassian, kwa mkono wa kushoto. Oktoba 1987 lilichukuliwa na Anastazi, akalipaka rangi nyeusi wakati wa Noeli. Cassian hakuiba. Jovitha Cassian, fundi."

Jumapili, 30 Juni

Kanisa lilijaa hadi nje. Wamemvika Anastazi shada, wamemwimbia nyimbo zake mwenyewe. Mimi na Mama tulikaa benchi moja, hatujasemeshana tangu Jumapili iliyopita zaidi ya pisha na chukua. Gitaa lilikuwa pale mbele, juu ya kiti.

Akaitwa kuzungumza. Akatoa karatasi yangu. Akasoma kwa sauti yake ile ya mazoezi: "Nimelikagua gitaa hili ndani na nje. Ni halisi. Shingo yake ni ya Machi 1973 na nyaya za vifundo ni za kiwandani. Ni gitaa la Mwanga Jazz lililonunuliwa kwa kahawa ya watu wa hapa."

Kanisa likalipuka. Vigelegele, wazee wamesimama, mmoja anapiga benchi kwa fimbo: limerudi, gitaa letu limerudi, Mwalimu ametupatia gitaa letu! Naye akasimama pale na shada lake shingoni, akawatazama. Halafu akaikunja karatasi. Akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akarudi kukaa.

Anaiba mara ya pili, mbele ya macho yangu! Nikafungua daftari hili, nikaanza kutafuta ukurasa wenye nakala.

Pembeni yangu benchi likalia. Mama alikuwa amesimama. Mama yangu, ambaye kanisani husikika kwenye amina tu.

"Mwalimu," akasema. "Karatasi haijaisha."

Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Anastazi akamtazama, Mama hakuondoa macho. Mwalimu akanyanyuka. Akaitoa, akaikunjua, akasoma kiungo cha waya, akasoma mkono wa kushoto, akasoma jina lake mwenyewe na rangi nyeusi, kila neno likishuka kuliko lililotangulia, hadi yale maneno mawili ya mwisho kuhusu baba nadhani ni mbele tu walisikia.

Mama bado alikuwa wima.

"Hilo la mwisho rudia," akasema. "Huku nyuma hatujasikia."

Akarudia.